Nambari Inayokopa

Usiku niliomzaba mwanangu kofi, swali lililokuwa mezani lilikuwa 42 kutoa 17.

Nasema mezani lakini meza ya kusomea hatuna. Tuna cherehani. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kisauni, nashonea barazani kwa nyumba tunayokaa, na ikifika magharibi naingiza cherehani ndani, nalaza kichwa chake chini, nafunika ubao. Huo ubao ndio dawati la watoto wangu wawili. Kijana yuko gredi ya tatu. Mdogo wake wa kike yuko PP2, na kazi yake kubwa usiku ni kumchokoza kakake.

Siku hiyo kijana alikuwa ameandika 35. Nikamwambia angalia tena. Akafuta kwa raba mpaka karatasi ikatoboka, akaandika tena 35.

"Mbili kutoa saba inawezekana?" nikamuuliza.

"Haiwezekani. Ndiyo nikatoa mbili kwa saba."

"Nani alikwambia ugeuze?"

Kimya.

"Mwalimu aliwafunza nini? Mbili ikishindwa inafanya nini?"

"Inakopa kwa jirani."

"Si ukope basi!"

Akaweka penseli chini. Akaniangalia usoni, jambo ambalo huwa halifanyi akiwa amekosea. "Sitaki," akasema.

"Hutaki nini?"

"Sitaki ikope."

Nilikuwa nimeshona tangu asubuhi sare tatu ambazo mwenyewe hakuja kuzichukua. Mgongo ulikuwa unauma. Unga ulikuwa umeisha. Haya yote nayasema sasa, lakini hayana maana kwa mtoto wa miaka minane. Kofi lilitoka kabla sijajua kwamba nimeinua mkono. Hakulia. Alichukua penseli, akaandika 25, jibu sahihi ambalo sijui alilitoa wapi, akafunga daftari akaenda kulala.

Nilibaki pale na taa yangu, nikiangalia ile 25.

*

Mimi mwenyewe hesabu za kutoa nilifunzwa kwa fimbo. Ilikuwa miaka ya tisini, shule moja ya msingi ambayo jina lake halisaidii kitu hapa. Mwalimu wetu alikuwa anaandika maswali kumi ubaoni. Kila swali ulilokosa, kiboko kimoja. Siku moja nilikosa saba. Nikiwa natembea kwenda mbele kupokea haki yangu, nilihesabu kichwani: kumi kutoa saba, nimepata tatu. Hiyo ndiyo hesabu ya kutoa niliyoipata haraka kuliko zote mwaka ule.

Tangu hapo nikawa mtu wa "mimi hesabu sijui". Nimelisema hilo neno maisha yangu yote, kama mtu anavyosema mimi sili pweza. Viboko shuleni vilipigwa marufuku nchini mwaka 2001, na nakumbuka nilifurahi kwa ajili ya watoto ambao sikuwa nimewazaa bado. Lakini sheria ile ilifika shuleni. Mkononi mwangu haikufika.

Asubuhi nilipokuwa namfunga vifungo vya shati nilimuuliza, pole pole, kwa nini hakutaka ikope. Mwanzo alikataa kusema. Halafu akasema, akiangalia dirishani:

"Kwa sababu hairudishi."

"Nini hairudishi?"

"Mbili. Inakopa kumi kwa nne. Nne inabaki tatu. Halafu swali linaisha, na hajarudishiwa. Nimeangalia maswali yote kwenye kitabu. Hakuna hata moja inalipa."

Nikacheka kidogo, na yeye hakucheka. Akaongeza: "Na kwa ami pameandikwa."

Basi nikanyamaza. Ami ni mwenye duka la pale kona. Juu ya rafu ya sabuni ana kibao: *Kukopa harusi, kulipa matanga.* Mwanangu amejua kusoma, na nilisahau kwamba mtoto akijua kusoma anasoma kila kitu, si vitabu vya shule peke yake. Kila nikimtuma, "Mwambie ami atupe unga, aandike," yeye husimama chini ya kile kibao, na watoto wenzake nyuma yake kwenye foleni, anangoja ami afungue daftari la madeni. Juzi yake ami alikuwa amemwambia mbele ya watu, "Mwambie mamako aje mwenyewe."

Yaani mtoto alikuwa haelewi hesabu, lakini alikuwa anaelewa kukopa kuliko kitabu.

Nikamwomba msamaha. Kwetu mzazi haombi mtoto msamaha, anamnunulia mandazi na mambo yanaisha. Mimi sikuwa na pesa ya mandazi, kwa hivyo ilibidi niseme kwa mdomo.

*

Siku ile nikishona nilikuwa najichunguza. Mimi nisiyejua hesabu, nafanya nini siku nzima? Mteja kaleta yadi nne, dera linakula tatu na nusu, inabaki nusu ya mfuko na mkanda. Kiuno inchi 34, kitambaa kimetoka 37, nabana tatu, moja na nusu kila upande. Fundi hutoa kutwa nzima. Nikikosea kutoa, nalipa kitambaa cha watu.

Tofauti ni kwamba mimi natoa kitu ninachokishika. Mwanangu alikuwa anatoa alama za penseli.

Nina mkebe wa Kimbo umejaa vifungo. Vya mashati, vya makoti, vya sare za shule, vingine vilikuwa vya mama yangu. Jioni ile nilimwaga vyote juu ya ubao wa cherehani, nikawaambia watoto leo hakuna daftari. Wakaniangalia kama nimepandwa na shetani.

Mchezo wa kwanza ulikuwa rahisi sana. Nilihesabu vifungo kumi mbele yao, nikavifunika na bakuli la plastiki. Nikaingiza mkono, nikatoa vitatu nje waone. "Vingapi vimejificha?" Mdogo akapaza sauti, "Vingi!" Kakake akasema saba. Tukainua bakuli. Saba. Yule mdogo akashangaa kama ameona mazingaombwe, akataka afiche yeye.

Tulicheza huo mchezo wiki nzima. Kumi na kumi tu, hatukuongeza. Na polepole nikaona kitu: hawakuwa wanahesabu tena kwa vidole. Wakiona vinne wanajua sita zimejificha, wakiona vinane wanajua mbili. Nambari za ndani ya kumi zilikuwa zimeshakuwa kama majirani wanaojuana kwa sauti, huhitaji kufungua mlango uone ni nani. Kama una mtoto wa gredi ya kwanza, anzia hapo, wala usiwe na haraka. Hesabu zote za kutoa zinazokuja baadaye, hata za mamia, zinarudi kukanyaga kwenye hiyo kumi.

Mchezo wa pili ulitoka kwa kosa la mdogo. Nilimuuliza tisa kutoa nne, akahesabu kurudi nyuma kwa vidole: "Tisa, nane, saba, sita." Vidole vinne. "Ni sita!" Kosa hili mimi nililifanya nikiwa mdogo, na nilipigwa kwa ajili yake bila mtu kuniambia limetoka wapi. Mtoto anaihesabu ile tisa anayosimamia kama hatua ya kwanza. Lakini ukiwa umesimama mlangoni hujatembea bado.

Nikachukua tepu yangu ya kupimia nikaitandaza sakafuni, upande wa inchi, kwa sababu nafasi zake ni kubwa. Tukachagua kifungo kimoja kikubwa cha koti, tukakiita Chura. Chura anakaa juu ya tisa. Hajaruka bado. Ruka moja: yuko wapi? Nane. Mbili: saba. Tatu: sita. Nne: tano. "Tano!" akasema, na akairudia peke yake mara nyingine tano au sita, Chura akirukaruka mpaka akafika kwenye kile chuma cha mwanzo wa tepu. Hapo akaniuliza, "Akiruka tena ataanguka wapi?" Nikamwambia hiyo atafunzwa akiwa mkubwa.

Tepu ile ina kazi nyingine. Kutoa si lazima kitu kiondoke. Wakati mwingine watu wawili wamesimama, hakuna anayekwenda popote, na wewe unataka kujua mmoja kamzidi mwenzake kwa ngapi. Niliwapima urefu kwa ule upande wa sentimita. Kijana 124, mdogo 107. Kamzidi kwa ngapi? Kijana alitaka kupanga nambari juu na chini kama shuleni. Nikamwambia hebu weka Chura kwa 107, umpeleke mpaka 124. Akaruka tatu kufika 110, kumi kufika 120, nne kufika 124. Tatu na kumi na nne. Kumi na saba. "Kumbe unaweza kutoa kwa kupanda?" akasema. Mdogo yeye alisikia jambo moja tu, kwamba amezidiwa, akaanza kulia. Tukampandisha kwenye ndoo, tukampima tena.

Mchezo wa tatu ni wa dadu, ile ya ludo. Kila mtu anaanza na vifungo ishirini. Unarusha, unatoa ulichopata, lakini kabla ya kutoa lazima useme utabaki na ngapi. Ukisema sawa, unatoa. Ukikosea, hutoi kitu, zamu inapita. Wa kwanza kubaki mtupu ndiye mshindi. Hii waliipenda sana kwa sababu ni mchezo ambao kufilisika ndiko kushinda, na kwa sababu mimi nilikuwa nashindwa. Kweli nilikuwa nashindwa. Nilikuwa nakosea 13 kutoa 6, mama mzima, na mwanangu ananirekebisha: "Mama, toa tatu kwanza ufike kumi. Halafu tatu zingine." Sikumfunza mimi hiyo. Ilitoka kwenye bakuli.

*

Lakini jambo la kukopa lilikuwa bado lipo. Kila tukifika kwenye swali la aina ile, uso unafungika.

Nilijaribu kwa sarafu. Siku hizi sarafu zetu zina wanyama, zile zilizotoka Desemba 2018: moja ina twiga, tano kifaru, kumi simba, ishirini ndovu. Nikamwambia una simba wanne na twiga wawili, unataka kunilipa kumi na saba. Shida ni kwamba twiga wa kutosha nyumbani hatukuwa nao, na shilingi moja moja zenyewe siku hizi ni adimu. Tukarudi kwa vifungo.

Nikachukua sindano na uzi. Nikatunga vifungo vyeupe vya shati, kumi kwa kila uzi, nikafunga fundo. Nikatengeneza tungo kadhaa. Nikampa tungo nne na vifungo viwili visivyo na uzi. "Hizi ni ngapi?"

"Arobaini na mbili."

"Nipe kumi na saba."

Akanipa utungo mmoja, upesi. Hiyo ni kumi. Akanipa vile viwili. Halafu akakaa. Bado vitano. Akaangalia tungo tatu zilizobaki, akaniangalia mimi, akaangalia mkasi wangu mkubwa wa kukatia nguo uliokuwa umelala pembeni.

"Naweza kukata uzi?" akauliza.

"Ni wa nani?"

"Wangu."

"Basi kata."

Akakata. Vifungo kumi vikamwagika juu ya ubao, kimoja kikaanguka chini tukakitafuta na tochi ya simu. Akanihesabia vitano. Akabaki na tungo mbili na vitano. Ishirini na tano.

Akakaa akizitazama. Akasema, kama mtu anayezungumza na nafsi yake: "Hajakopa."

"Hajakopa," nikamwambia.

"Amevunja yake."

Ndivyo tunavyosema siku zote, si ndiyo? Mtu akiwa na noti ya mia na anataka kulipa thelathini, hasemi naenda kukopa sarafu. Anasema nivunjie hii mia. Mia ni yake ikiwa nzima na ni yake ikiwa imevunjwa. Hakuna aliyemdai mtu. Arobaini na mbili ni mtu mmoja mwenye mifuko miwili, na kumi iliyotoka mfuko huu imeingia mfuko ule. Mwalimu alisema "jirani" kwa nia njema, ili watoto waelewe, na nadhani hata yeye alifunzwa hivyo. Lakini kwa mtoto anayetumwa dukani kwa deni, jirani ni jirani kweli, na kumi ni kumi.

Kesho yake alifanya maswali manane kwenye daftari. Pale ambapo wenzake wanakata nambari na kuandika kamoja kadogo juu, yeye alichora mkasi mdogo. Mwalimu alimwekea alama za vema na kuuliza kwa kalamu nyekundu, *Hii ni nini?* Nilimwambia amweleze mwenyewe.

*

Mahali tunapokaa kuna wazee wanaocheza bao alasiri, nje ya nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mmoja wao, mzee ambaye watoto wote wanamwita babu, alimsikia mwanangu akihesabu njiani, akamwita. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Mzee akamwambia: kete zote zikishaingia ubaoni, ukihesabu za upande wangu ukapata arobaini, za mwenzangu huna haja ya kuzihesabu. Ngapi? Mtoto akasimama pale akaruka kichwani, nadhani na Chura wake: ishirini zafika sitini, nne zafika sitini na nne. "Ishirini na nne, babu." Mzee akawaambia wenzake, "Mmeona? Na nyinyi mnahesabu kwa kidole." Tangu siku hiyo akitoka madrasa anapitia pale, na mimi inabidi nimwite mara tatu ndiyo aje kula.

Baadaye nilisoma kwenye simu kuhusu utafiti mmoja wa Brazil, uliochapishwa mwaka 1985 na Terezinha Nunes Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann. Walikwenda mjini Recife kwa watoto watano waliokuwa wanauza vitu barabarani na sokoni, nazi na mengineyo. Wakajifanya wateja: nipe nazi kadhaa, nakupa noti hii, nirudishie ngapi? Watoto walipata majibu karibu yote, 98 katika kila 100. Halafu wakawapa watoto walewale hesabu zilezile zikiwa zimeandikwa kama za shule, nambari tupu. Walipata 37 katika kila 100.

Nilisoma hapo mara mbili. Sikuhitaji kufika Recife ili niamini. Nimewaona watoto wa Kongowea wanaouza ndimu, chenji inatoka mkononi kabla hujamaliza kutoa pesa. Hata ami hatoi chenji kwa kuandika. Ukimpa mia kwa kitu cha thelathini na tano, anakuwekea kiganjani akipanda: "Thelathini na tano... arobaini... hamsini... mia." Tano, kumi, hamsini. Sitini na tano, na hajatoa chochote popote.

Sisemi daftari halina maana. Mwanangu atafanya mtihani kwa penseli, si kwa mkasi. Ninachosema ni kwamba zile alama za penseli lazima ziwe zimetoka mahali. Ukimwanzishia mtoto kwenye alama, anashika kanuni bila kujua inafanya nini, na kanuni isiyojulikana kazi yake huvaliwa upande wa ndani nje, kama ile 35.

*

Sasa nifike kwa ami, kwa sababu huko ndiko hesabu hii ilikokuwa inaelekea tangu mwanzo.

Jumamosi moja nililipwa dera. Nikamwambia kijana twende dukani, leo naenda mwenyewe. Nilikuwa nimetenga mia na hamsini za kupunguza deni. Njiani akaniuliza deni ni ngapi, nikamwambia, "Si nyingi, tukilipa hii itabaki kama mia tatu hivi."

Ami akafungua daftari. Mia na themanini ya unga na sukari. Mia mbili na kumi. Mia mbili na hamsini. Akajumlisha: mia sita na arobaini. Nikampa ile mia na hamsini. Akachukua kikokotoo, halafu akakiweka, akamtazama mwanangu. Nadhani habari za bao zilikuwa zimemfikia.

"Haya, mwalimu. Inabaki ngapi?"

Mwanangu akaangalia juu, pale kwenye kibao cha matanga, lakini hakuwa anakisoma. "Mia sita arobaini," akasema pole pole. "Toa mia, mia tano arobaini. Toa arobaini, mia tano. Bado kumi. Vunja mia..." Akakata hewa kwa vidole viwili. "Mia nne na tisini."

Ami akabonyeza. Akageuza kikokotoo tuone. 490.

"Mashallah," akasema, akampa peremende moja. "Hii si ya deni."

Tulipotoka, mwanangu alikuwa anamumunya peremende yake. Tulitembea kidogo. Halafu akasema: "Mama, si ulisema itabaki mia tatu?"

"Nilikosea."

"Ulikosea kutoa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi. Lakini huyu ni mtoto aliyekagua kitabu kizima akitafuta nambari iliyolipa deni lake. "Sikutoa kabisa," nikamwambia. "Nilikuwa naogopa kuhesabu, nikasema tu."

Akafikiri. "Ukiogopa uniambie, nihesabu mimi."

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo kuhusu hesabu.

Jioni hiyo tukatunga vifungo 49 ukutani, juu ya cherehani. Kila kifungo ni shilingi kumi. Tungo nne na vifungo tisa ndani ya mfuko mdogo niliomshonea kwa kipande cha leso. Tukakubaliana tutalipa shilingi sabini kila Jumamosi, kazi ikiwepo. Jumamosi ya kwanza alitoa vifungo saba mfukoni, bila kukata kitu: 42. Jumamosi ya pili mfuko ulikuwa na viwili tu, ikabidi akate utungo mmoja. Ilibaki 35. Ile nambari ya siku ile, sasa ikiwa jibu sahihi. Sikumwambia. Sijui kama aliikumbuka.

Jumamosi ya tatu sikuwa na kitu, tukasema leo tunatoa sifuri, na mdogo akataka aitoe yeye. Akaenda ukutani, hakugusa kitu, akarudi akakaa, ameridhika kabisa.

Leo ninapoandika vimebaki 21. Tungo mbili na kifungo kimoja. Bado hukasirika hesabu ikimshinda, na mimi bado mkono hunichomachoma nikiwa nimechoka, nimejifunza kuukalia. Kesho ni Jumamosi na kuna mteja ameahidi kuja kuchukua sare zake. Akija, kutakatwa uzi. Mwanangu ameshaniuliza mara mbili mkasi nimeuweka wapi.